Msikate sehemu ya askari

Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi niwajibu wasomaji wako wanaotaka makala ya runinga kuhusu kambi za Mau Mau, ambamo serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwazuilia Wakenya walioshukiwa kuwa upande wa wapigania uhuru hao miaka ya 1950, isirushwe, na papo hapo nikiombe kituo kinachoiandaa jambo moja.

Tangu habari za makala hiyo zienee, kurasa zako zimejaa barua. Mmoja anasema ni kutonesha vidonda. Mwingine anauliza faida yake ni ipi, miaka zaidi ya sitini baadaye. Kituo chenyewe kimeanza kuyumba. Kilitangaza saa mbili usiku, sasa inasemekana ni saa tano na nusu, wakati wazee wamelala. Na mfanyakazi wake aliyenipigia simu alinieleza kwamba sehemu inayowaonyesha askari Waafrika na homu gadi, wale wanamgambo Waafrika waliosimama na serikali ya kikoloni, itapunguzwa, "jamii zisije zikachochewa."

Mimi ni mtoto wa mmoja wa askari hao. Baba yangu alikuwa askari jela hapa Hola, na tarehe 3 Machi 1959 alikuwa zamu.

Kwa wasiojua: siku hiyo watu zaidi ya 80 waliozuiliwa bila kesi walitolewa kambini wakalazimishwe kuchimba mifereji ya kumwagilia maji. Walikuwa wamekataa kazi hiyo. Walisema wao si wahalifu, hawakuhukumiwa na mahakama yoyote, wamefungwa kwa siasa. Askari wakaamriwa kutumia rungu. Watu 11 walikufa kwa kipigo hicho na wengine wengi walivunjika mifupa. Maelezo ya kwanza ya serikali ya kikoloni yalikuwa kwamba marehemu walikunywa maji wakafa. Maiti zilipochunguzwa zikakutwa na majeraha ya kupigwa. Bunge la Uingereza lilikesha likijadili jambo hilo Julai mwaka huo, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Wambugu wa Nyingi, ambaye baadaye alikwenda kutoa ushahidi London, alipigwa siku hiyo hiyo mpaka akazimia. Akalazwa pamoja na maiti hizo 11 akidhaniwa naye amekufa. Mtu ambaye ameamkia katikati ya maiti akaishi kusimulia, leo tunasema habari zake ziwekwe usiku wa manane?

Baba hakutuhadithia. Nilikua nikijua alikuwa "serikalini", basi. Mwaka 1989 Mto Tana ulipohama njia yake na skimu ya umwagiliaji ya Hola ikakosa maji, nilikwenda naye kuitazama mifereji ilivyokauka. Nilikuwa mwalimu kijana, nimesoma kwenye vitabu juu ya Machi 1959, na nilikuwa sijawahi kumuuliza. Alisimama ukingoni muda mrefu. Kisha akasema, bila mimi kumchokoza, "Hayakuwa maji." Nikamuuliza kama yeye naye alipiga. Aliinama, akaokota bonge la udongo mkavu, akalisaga kiganjani mpaka likawa vumbi, akaniambia turudi, jua limekuwa kali. Alifariki miaka mitano baadaye na swali langu halikujibiwa.

Kwa hiyo wanaposema sehemu ya askari ikatwe ili kutulinda sisi tuliotoka kwao, naomba wasitulinde hivyo. Ukiwatoa askari, mtazamaji atabaki na Wazungu wachache waliovaa kaptura, halafu atajiuliza watu maelfu kwa maelfu walizuiliwaje na wakubwa wale wachache, kutoka kambi za Manyani hadi Mwea hadi huku kwetu. Tena askari ndiye shahidi wa amri. Yeye ndiye aliyesimama kwenye mstari akaambiwa nani apigwe na apigwe vipi. Ukimfuta yeye, unafuta njia inayotoka kwenye rungu kwenda kwenye meza ya ofisi.

Na meza hiyo tunaijua. Juni 1957, karibu miaka miwili kabla ya Hola, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring juu ya nguvu zilizokuwa zikitumika kambini. Alisema ikiwa watatenda dhambi, basi lazima waitende kimyakimya. Hati nyingi za kambi hizo zilihamishiwa Uingereza wakati wa uhuru na kufichwa, hadi kesi ya akina Nyingi dhidi ya serikali ya Uingereza ilipolazimisha zitolewe mwaka 2011 kutoka Hanslope Park, kituo cha serikali hiyo zilikofichwa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba Wakenya waliteswa, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Vidonda havikutoneshwa na makala ya runinga. Vilikuwa vimefungwa bendeji juu ya usaha.

Kuhusu uchochezi nitasema machache. BBC iliporusha makala yake kuhusu kambi hizi Novemba 2002, Mau Mau ilikuwa bado imepigwa marufuku katika sheria zetu wenyewe. Marufuku hiyo iliondolewa 2003. Sikusikia mtu aliyemvamia jirani yake kwa sababu ya makala ile. Vijijini kila mtu anajua babu wa nani alikuwa homu gadi na babu wa nani alipelekwa kambini. Wajukuu wao wanasali kanisa moja na wengine wameoana. Wanachokosa ni mahali pa kulizungumza bila kunong'ona.

Wazazi wanaohofia watoto wadogo, hofu yao naielewa. Onyo liwekwe mwanzoni, mzazi aamue. Ila saa tatu usiku inatosha, na maneno yawe kwa Kiswahili, kwa sababu ajuza wa miaka tisini aliyechapwa viboko mwaka 1954 hatasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya skrini.

Haraka ninayoitaka ina sababu. Mwaka 2018 mahakama ya London iliitupa kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000, hoja kubwa ikiwa kwamba muda mrefu mno umepita kwa haki kutendeka. Kwa mahakama, basi, mlango umefungwa. Kilichobaki ni kamera, na wanaoweza kukaa mbele yake wanazikwa kila mwezi, wale waliopigwa na wale waliopiga.

Kituo kikisema hakina askari wa kuzungumza, au hakuna familia ya askari iliyo tayari kuonyesha uso, mimi niko tayari. Nitasema jina la baba yangu, nitasema alikuwa zamu, nitasema nilichosikia ukingoni mwa mfereji na nisichojibiwa. Namba yangu ya simu wanayo.

Mwalimu mstaafu,
Hola, Tana River