Ushauri nasaha, mara ngapi?

Mhariri, salaam. Mi msomaji wenu wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza. Kuna sentensi kila ajali ikitokea lazima muiweke mwishoni, "majeruhi wamepatiwa ushauri nasaha", alafu basi habari imeisha. Naomba siku moja mwandishi wenu aulize, na nani, na mara ngapi?

Nasema hivo maana na mimi nilikuwa kwenye basi lililopinduka kati ya Dumila na Gairo, huu mwaka wa 6. Wodini alikuja dada mmoja akakaa dakika 10 hivi, akaniambia nishukuru Mungu niko hai maana wenzangu wamekufa, nisiwaze sana, akahamia kitanda cha pili. Simlaumu, nadhani alipangiwa tu. Ila nikarudi nyumbani najua ushauri nishapata, sa nilipoanza kushtuka usiku nasikia mabati yanakwaruza, na harufu ya dizeli tu jasho linanitoka, nikaona basi mimi ndo mbovu. Mama mkwe akaleta maji ya maombi, shemeji akasema endelea hivohivo tutakupeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kwa mtazamo wangu hata jina linatuponza. Wengi wetu tulilisikia enzi za kampeni za Ukimwi, ushauri nasaha na kupima, 2007 mpaka rais Kikwete akapima hadharani, ndo maana ukisema unaenda kwa mshauri watu wanadhani umefuata majibu. Alafu nasaha kwetu ni mkubwa anaongea we umeinamisha kichwa. Kumbe yule mama mshauri niliyekuja kumpata baada ya miezi 8 kazi yake kubwa ilikuwa kunyamaza. Kila Jumanne, wiki 12, naongea mimi, ananirudisha taratibu tangu asubuhi ile stendi, nilivaa nini, nilikaa siti gani, hadi kile kipande nilichokuwa nakiruka kila nikisimulia, yule kijana wa siti ya pembeni aliyenishika mkono mpaka ukalegea. Siku ya kwanza kukifikia nilitapika. Baadaye nikasoma kwamba kusimulia kwa namna hiyo kulitumika kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia kambi ya Nakivale, Uganda, na waliowasikiliza ni wakimbizi wenzao waliofundishwa, sio madaktari, kwa hiyo msituambie tu wataalamu hawatoshi.

Kuna na hili la kukua baada ya balaa, yaani mtu kubadilika kwa uzuri. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Tedeschi na Calhoun, walilipa jina miaka ya 1990, na kweli lipo, mi nilimpigia dada yangu tuliyekuwa hatusemeshani sababu ya kiwanja, nikafunga na lile duka nililokuwa silipendi. Ila wenyewe wanasema kinachokukuza ni kule kuhangaika nalo, sio ajali, na maumivu yanaweza kubaki palepale. Sasa nyie mnaokuja siku ya tatu na "Mungu ana makusudi, utatoka imara", jamani mwacheni mtu alie kwanza.

Mpaka leo sikai dirishani. Dereva akiovateki mlimani nalitaja moyoni jina la yule kijana. Lilitoka kwenye gazeti lenu, kwenye orodha ya marehemu, herufi moja mlikosea.

Msomaji wenu,
Kihonda, Morogoro