Mpwa Wangu Anataka Kuongoza Okestra

Shangani, Mtwara

Ndugu yangu Baba Neema,

Tumsifu Yesu Kristo!

Natumaini hamjambo nyote, mama na watoto, na baridi ya Usa River mnaivumilia. Sisi huku wazima. Tupo kwenye kupuliza salfa, macho yanawasha nyumba nzima, ila mikorosho imeanza kutoa maua vizuri, tuombe tu hali ya hewa isije ikatuharibia. Mzee wa Chikongola anakusalimu sana, mguu umepona na maneno yamerudi palepale. Ukimya wetu huu tutausemea tukionana. Leo nina jambo.

Ni kuhusu mpwa wangu, yule binti wa dada. Alimaliza kidato cha sita mwaka jana, akaenda JKT, na tangu arudi anafundisha kwaya ya vijana pale parokiani. Majuzi amenikalisha barazani akaniambia hataki ualimu wala uuguzi. Anataka kuwa mwongozaji wa okestra. Okestra, lile kundi kubwa la wapiga vyombo, na opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Nikamwambia rudia, akarudia vilevile, ananitazama usoni. Mama yake amelia. Baba yake amesema hilo ni la mjomba. Na kweli ni la mjomba. Umeishi na sisi Wamakonde miaka yote ile ya Ndanda, unajua mtoto wa dada neno lake la mwisho linasubiriwa kwa nani. Kikao kimeitwa Newala, kwa bibi yake, mwisho wa mwezi.

Mimi nimeshaamua, Baba Neema. Nitasimama naye. Kinachoninyima usingizi ni njia ya kumpitisha.

Usije ukadhani nimelainishwa na machozi, ngoja nikwambie nilichokiona. Kabla ya Pasaka walikuwa wanajifunza Haleluya ya Handel, ile ile iliyotutoa jasho. Palikuwa na sehemu haikai kabisa, teno, wanaume wa sauti ya juu, wanateleza kila wakifika pale. Mwalimu mwingine angewafokea teno. Yeye aliwanyamazisha wote, akaomba alto, wanawake wa sauti ya chini, peke yao, kisha safu ya nyuma ya alto peke yao, midomo imefungwa, wavumishe tu. Kumbe mama mmoja anashuka nusu nota kabla ya wakati, na teno waliosimama nyuma yake wanamfuata bila kujua. Hakumtaja yule mama. Aliimba nota yenyewe taratibu, wote wakaipokea, wakasonga mbele. Halafu pumzi yake. Kabla ya kuanza anavuta pumzi mkono ukipanda, na unaiona pumzi ile ikipita safu hadi safu, watu arobaini wanafungua midomo pamoja. Nani alimfundisha? Hakuna. Nota zenyewe amejifunza kwenye vitabu vya kwaya na simu.

Basi nikaanza kusoma kuhusu watu wa kazi hii, kila jioni nikitoka shamba, maana siwezi kwenda kikaoni mikono mitupu. Na jambo moja limenikaa: karibu wote wameanzia kwenye viti vya chini, wakipiga chombo au wakiwapigia wengine. Toscanini yule Mwitaliano alikuwa mpiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu amekaa, kwenye kundi la opera lililokwenda Brazil. Mwaka 1886, Rio de Janeiro, watazamaji wakawazomea waongozaji hadi onyesho likataka kuvunjika. Yeye, kijana wa miaka 19, akainuliwa kwenye kiti chake akaongoza opera ya Aida ya Verdi nzima kwa kichwa. Macho yake yalikuwa dhaifu, alizoea kukariri. Miaka kumi baadaye La bohème ya Puccini inaonyeshwa mara ya kwanza kabisa, mjini Turin, anayeongoza ni yeye.

Georg Solti naye, Myahudi wa Hungaria, alianza kwa kupiga piano mazoezini kwenye jumba la opera la Budapest, kazi ya kukaa na mwimbaji mmojammoja na kumrudisha kwenye mstari hadi uingie. Alipopewa opera yake ya kwanza, Machi 11, 1938, usiku uleule habari zikafika kwamba majeshi ya Hitler yanaelekea Austria. Ndoto ikakatikia hapo. Vita ikamkuta Uswisi, akaishi kwa piano. Mwaka 1946 ndipo alipokabidhiwa opera ya Munich, kisha Frankfurt, kisha jumba la opera la Covent Garden, London, na okestra ya Chicago akakaa nayo miaka 22. Fikiria kama asingekuwa na ile piano ya kumshikilia katikati!

Na huyu utampenda: Henry Lewis, Mmarekani mweusi. Aliingia okestra ya Los Angeles mwaka 1948 akiwa na miaka 16, anapiga dabobesi, ile fidla kubwa kuliko zote. Besi kama sisi, ndugu yangu! Mwaka 1968 akakabidhiwa okestra ya New Jersey, na mwaka 1972 akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kwenye jumba la Metropolitan Opera, New York.

Opera ndiyo inayonitia hofu na kunivuta. Kwenye okestra ya kawaida watu wote wako mbele yako. Kwenye opera wapiga vyombo wako shimoni mbele ya jukwaa, waimbaji wako juu, wanatembea, wanalia, wanakufa huku wanaimba, na mara nyingi hawasikii vizuri kinachopigwa chini. Mwongozaji anawaunganisha kwa mkono na macho. Mwimbaji pumzi ikimwishia mapema, yeye ameshaiona kifuani kabla haijaisha, anaisogeza okestra nzima imfuate. Mwimbaji akiruka mstari, okestra iruke naye na mtazamaji asijue. Ukurasa mmoja wa nota zake unaweza kuwa na mistari zaidi ya ishirini, filimbi juu, besi chini, na klarineti na pembe zimeandikwa kwa ufunguo mwingine na anatakiwa azisikie kichwani zilivyo. Nikimkumbuka binti akitafuta ile nusu nota kwenye safu ya nyuma, naona ni kazi ileile, ila imekuzwa.

Najua swali litakaloulizwa Newala: atakula nini? Hapa kwetu hakuna jumba la opera, na sitamdanganya mtu. Lakini kwaya zipo kila kigango, polisi na jeshi wana bendi za brasi, shule zinazotafuta mwalimu wa muziki zipo. Halafu kuna Kinshasa. Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha okestra pale mwaka 1994 na watu ambao wengi wao hawakujua hata kushika fidla. Walipokezana vyombo, na uzi ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Leo wanapiga Beethoven. Kama Kinshasa imewezekana katika shida zote zile, mimi nitaogopa nini na mikorosho yangu?

Swali la pili litatoka kwa wazee: mwanamke awasimamie wanaume na kijiti mkononi? Huko Marekani kwenyewe ni juzi tu. Marin Alsop alipoanza kuiongoza okestra ya Baltimore mwaka 2007 ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa okestra kubwa ya nchi ile. Bibi wa mpwa wangu nina hakika atakuwa upande wetu. Bibi yule alisimamia unyago wa watoto wa kijiji kizima, nani atamwambia mwanamke hasimami mbele?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kijiti baadaye, kinanda kwanza. Nimemwambia hivyo na amekubali kabla sijamaliza sentensi. Shida ni kwamba kinanda cha parokia ni cha umeme, vitufe kadhaa vimekufa, umeme ukikatika mazoezi yamekwisha. Na mwalimu wa piano hapa Mtwara sijampata. Nimesikia Chuo Kikuu cha Makumira, hapo jirani yako, wanatoa shahada ya muziki. Ni cha Walutheri, hilo halinisumbui hata kidogo. Ada nitaibeba mimi. Korosho zikiuzwa vizuri nitatanguliza, zikiuzwa vibaya nitauza lile shamba dogo la Mikindani. Sitaki uniambie nifikirie mara mbili kuhusu shamba. Nimefikiri.

Sasa nakuomba, tena nakuomba sana. Unaweza kwenda pale chuoni uulize wanapokea kwa sifa zipi, na kama asiyewahi kupiga piano ananyimwa nafasi? Wanafundisha kuongoza, au ni kupiga na kuimba tu? Wana kundi la vyombo ambalo anaweza kukaa kwenye kiti na kupiga na wenzake? Kuna mtu Arusha anayefundisha piano kwa bei ya mtu kama mimi? Akija, mnaweza kumpokea muhula wa kwanza, hata kama ni kulala na Neema chumba kimoja? Mama Neema atasemaje? Na wewe mwenyewe, uliyekuwa na sikio kuliko sisi wote kisha ukaenda uhasibu, unamwonaje? Nijibu kabla ya kikao, hata kwa kupiga simu usiku.

Ni mimi,
besi mwenzako wa Ndanda

Tena: ming'oko na korosho za kubangua nimezituma kwa basi, dereva ana namba yako. Ming'oko iliwe mapema.