Mita ya jirani imo kwenye pipa la ami yangu

Wakili, assalaam aleikum.

Naomba jina langu lisitajwe. Mimi ni karani katika yadi ya vyuma chakavu upande wa Jomvu, Mombasa. Yadi ni ya ami yangu, mdogo wake marehemu baba. Kijana wa mzani hupima, hutaja kilo na aina ya mali, mimi naandika daftarini na kutoa pesa. Nikitoka mimi hapo hakuna mwengine anayeshika kalamu, kwa hivyo maandishi yote ni yangu.

Nianze kwa kusema kwamba mali nyingi tunayopokea haina neno. Ni mabati ya nyumba zilizobomolewa, sufuria zilizotoboka, rimu, injini za tuktuk zilizokufa. Wazee wanaosukuma mikokoteni kutoka Mikindani na Miritini nawajua mpaka majina ya watoto wao, na huniudhi sana mtu akisema biashara hii ni ya wezi watupu. Lakini shaba na brasi ni habari nyingine. Chuma cha kawaida mtu atatokwa jasho na gunia zima apate pesa ya unga. Shaba, kilo moja tu ni mamia ya shilingi. Ndiyo maana shaba hutujia alfajiri, imeshachomwa ganda, ina masizi, na aliyeileta hana haja ya kukaa wala kubishana bei.

Unakumbuka mambo ya mwaka 2022. Januari 11 nguzo kubwa za stima zilianguka Nairobi, ikasemwa zimehujumiwa na wezi wa vyuma, nchi ikaingia gizani, na kabla mwezi haujaisha Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Tulifunga mpaka Mei. Ami aliuza pikapu yake ili alipe kodi ya uwanja, na hakuna kijana hata mmoja aliyemwachisha kazi. Marufuku ilipoondolewa, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufuatilia leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Ameitia fremu, imetundikwa juu ya kiti changu. Sheria hiyo inamtaka mwenye leseni aweke rekodi ya kila anayemuuzia na mali aliyoleta, na siku za mwanzo tulifanya hivyo kweli: jina, namba ya kitambulisho, sahihi, na asiyejua kuandika anatia dole gumba.

Kisha wauzaji wakaanza kutupita. Chini yetu kuna yadi nyingine ambazo haziulizi kitu. Mtu akiona daftari langu limefunuliwa, anageuza mkokoteni. Ami akaniambia, “Andika mteja, inatosha.” Basi kurasa zikajaa: mteja, brasi, kilo mbili, mteja, shaba, kilo saba. Mimi nikawa na kijidaftari changu kando, naandika mle kila alama ninayoiona kwenye mali, herufi, namba, rangi. Ami anakijua. Hucheka, huniita afande.

Sasa nikueleze lililonifanya nikuandikie.

Asubuhi moja alikuja mtoto wa kiume, kaptula yake ya sare ya shule, gunia mgongoni. Alilimwaga mzanini, zikatoka mita 4 za maji. Tatu zilikuwa zimepondwa vioo na kuparuzwa namba kwa msasa. Ya nne haikuguswa. Kioo kizima, sindano zimesimama mahali pake, na ilipoinamishwa maji yalitiririka kwenye sahani ya mzani, kijana wa mzani akayapangusa kwa kanga aliyojifunga kiunoni. Nilimuuliza yule mtoto amezipata wapi. Akasema, “Nimetumwa.” Nani kamtuma, hakusema. Ami akatoa sauti kutoka ndani: “Mlipe mtoto aende shule.” Nikamlipa. Namba ya ile mita ya nne niliiandika kwenye kijidaftari changu kama kawaida.

Nyuma ya nyumba yetu anakaa mama mmoja mjane anayekaanga mahamri. Wiki ile ile alikuwa hana maji. Mita yake iling'olewa usiku, maji yakamwagika ukutani mpaka asubuhi, na ameambiwa alipie mita nyingine ndipo aunganishwe tena. Alikuja kwetu na bili yake ya mwisho, maana hajui kusoma vizuri, akaniomba nimsomee. Namba ya mita imechapishwa pale juu, chini ya jina lake. Nilikwenda chumbani nikafungua kijidaftari. Ni ile ile, tarakimu kwa tarakimu.

Sikumwambia. Nilimsomea bili, akanishukuru, akaniachia mahamri kwenye sahani. Hayakushuka kooni.

Siku ya pili nilimwendea ami baada ya adhuhuri, tukiwa wawili. Nilimwambia kwa adabu kwamba mita iliyo kwenye pipa la brasi ni ya yule mama. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwonyesha namba. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alikoroga chai yake muda mrefu, kisha akasema: “Mwanangu, mimi sikubomoa ukuta wa mtu. Mali imeletwa, nimeitolea pesa mchana kweupe. Hiyo namba ifute.”

Sikuifuta. Nilichofanya ni kutafuta Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, nikakisoma kifungu cha 322. Nilikuwa nikidhani kosa ni kununua tu. Kumbe kinamfikia anayepokea mali ya wizi, anayeendelea kukaa nayo, na hata anayesaidia kuiweka, kuihamisha au kuigeuza pesa kwa faida ya mtu mwingine, maadamu anafanya hivyo bila uaminifu, huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Hayo maneno “sababu ya kuamini” ndiyo yanayoninyima usingizi. Mita ya maji haiokotwi jaani. Hakuna mtu anayeinunua akaiweka kabatini mpaka aichoke. Na mimi nimeshavuka hapo kwenye sababu ya kuamini, maana sasa najua mpaka nyumba ilikotoka.

Adhabu ya kifungu hicho inafika miaka 14. Nikatazama na kifungu cha 275, wizi wa kawaida, nikakuta miaka 3. Mwanzo nilidhani nimesoma vibaya. Aliyeng'oa miaka 3, aliyepokea 14? Lakini nikimfikiria yule mtoto na gunia lake, naona waliotunga sheria walijua wanachofanya. Kama si mzani wetu, zile mita angezipeleka wapi? Hazipikwi. Haya simwambii ami, nakwambia wewe.

Mama yangu anajua kila kitu. Tangu baba afariki tunakaa nyumba ya ami bila kodi, na kozi yangu ya uhasibu aliilipa yeye, muhula kwa muhula, hata mwaka ule wa marufuku. Mama kaniambia neno moja tu: “Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.” Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Najua anachokusudia.

Kijana wa mzani ana rai yake. Anasema tuitoe mita usiku, tuiweke kwenye baraza ya yule mama, asubuhi aione, mambo yaishe. Sikufichi, rai hiyo inanivutia. Lakini nikiipima naona mashimo. Mama atakwenda nayo kwenye ofisi ya maji, ataulizwa imerudi vipi, na yeye ndiye atakayeonekana aliing'oa mwenyewe. Na zile nyingine 3 zilizoparuzwa je? Zina wenyewe pia, ila mimi siwajui. Halafu nisije nikawa nimeharibu ushahidi huku nikidhani natenda wema.

Wakili, ninayotaka kujua ni haya. Mimi ni mwajiriwa, sipati hata senti ya faida zaidi ya mshahara. Je, mahakamani karani anasikizwa akisema alikuwa akiandika alichoamriwa, au kusaidia kwa faida ya mtu mwingine ndiko huko hasa? Na kile kijidaftari changu, ni ngao au ni kamba ya kunifunga? Nikikipeleka kituoni kitaonyesha kwamba sikutaka kuficha, lakini kitaonyesha vilevile kwamba nilikuwa nikishuku tangu zamani na kesho yake nikarudi kazini.

Nikiacha kazi leo bila kusema kitu, je, nimetoka? Huku mtaani husemwa siku za mwizi ni arobaini. Mimi karani, zangu ni ngapi, ikiwa daftari lote lina mwandiko wangu hata baada ya kuondoka?

Nimesikia pia kwamba kuna Sheria ya Kulinda Mashahidi ya mwaka 2006 na wakala wake. Je, ni kwa kesi za mauaji na mambo makubwa tu, au hata mtu wa hali yangu anaweza kuomba? Sihofii kupigwa. Ami hajaninyanyulia mkono maishani. Ninachohofia ni mama kuambiwa atafute nyumba.

Na la mwisho, ambalo pengine si la sheria. Je, kuna njia ya ami mwenyewe kwenda kuripoti, akiwa na leseni yake na mita mkononi, kabla hajaendewa? Akienda kwa miguu yake atahesabiwa shahidi au mshukiwa? Kama ipo njia hiyo, niandikie kwa maneno ambayo naweza kumsomea. Wewe ni wakili, huenda akakusikiliza. Mimi ananiona bado mtoto wa kaka yake.

Pipa la brasi linakaribia kujaa, na likijaa lori la kiwandani huja kulichukua. Mita ile ikishayeyushwa, kitakachobaki ni namba kwenye kijidaftari na bili ya yule mama. Ukiweza, nijibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Karani, Jomvu