Vibao vituambie sheli ya mbele iko wapi

Mhariri, habari za kazi, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Mi ni dereva wa siku nyingi hapa Dar, na kuna kipindi mdogo wangu anayeishi Adelaide, Australia, alinialika tukaendesha gari kwenda mji unaitwa Coober Pedy, kilometa kama 850 kaskazini, barabara yenyewe moja tu na wanapita kushoto kama sisi kwa hiyo usukani tulipokezana.

Jamani ile nchi kavu! Ukishatoka Port Augusta ni vichaka vifupi na udongo mwekundu mpaka macho yanachoka, mara unakutana na lori linavuta matreila matatu, zima lina mita 50 na zaidi, ukitaka kulipita ujipange kwelikweli. Sasa pale Glendambo, kituo kidogo tu, unaambiwa wazi mafuta mengine ni Coober Pedy, zaidi ya kilometa 250 mbele, hapo katikati hamna kitu. Unajaza tenki, unabeba maji, unaondoka na roho imetulia.

Huko Coober Pedy wanachimba madini ya opal tangu 1915, na kwa lile joto watu wengi wanaishi chini ya ardhi, nyumba, hoteli, hadi makanisa yamechimbwa kwenye mwamba, ukiingia kuna kaubaridi feni ya nini. Ila nje mashimo kila kona, wameweka vibao vyenye picha ya mtu anatumbukia, na maandishi usikimbie, usitembee kinyumenyume (wapiga selfi hao).

Njoo sasa kwetu, toka Itigi kwenda Chunya kupitia Rungwa, pori kwa pori. Kibao kitakutajia kilometa za mji, habari ya sheli utamuuliza mama muuza karanga, naye anakuelekeza kwa kijana mwenye petroli ya chupa, imechanganywa na nini Mungu ndo anajua, na bei anakupangia akishaona jasho lako usoni.

Wahusika wa barabara, pale unapotoka mjini chorea pampu, andika kilometa mpaka sheli inayofuata, basi, na sheli ikifungwa mje mfute. Msituambie hela ya bati na rangi hamna, mbona vibao vya spidi 50 vipo kila kijiji, na trafiki na tochi yake hakosi.

Dereva wa Tabata,
Dar es Salaam