Mwalimu anataka kuiona Zuider Zee

Buruburu, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Nekesa,

Salamu sana kutoka nyumbani. Sisi huku ni wazima, Mungu anatutunza, na natumai wewe na watoto ni wazima pia na baridi ya Utrecht haijawaelemea. Tumenyamaziana tangu mazishi ya Baba Kadzo. Kazi, karo, maji ya mfereji yanayokuja yanapotaka, wewe unajua. Hayo tutayaongea siku nyingine. Leo nina jambo moja na haliwezi kungoja.

Pasipoti ya Mama imetoka!

Alipoileta nyumbani tulimwuliza akiwa bado ameishika mkononi: haya Mama, sasa wapi? Wajukuu walikuwa wakipiga kelele, Dubai, Dubai. Yeye akasema, "Zuider Zee," kama mtu anayemtajia makanga kituo chake. Musyoka akauliza hiyo ni nchi gani. Mama akamtazama kwa lile jicho tunalolijua, kwa sababu somo hilo alimfundisha yeye mwenyewe, kidato cha nne, na akamsahihishia na mtihani.

Wewe huwezi kusahau, maana ndiwe uliyekuwa ukimfutia ubao. Uholanzi ilikuwa ikichukua ubao mzima. Zuider Zee, ile ghuba ya bahari, kwa chaki ya buluu, tuta la kuifunga kwa kahawia, kisha polda, yaani ardhi iliyokaushwa, moja moja kwa kijani: Wieringermeer, ile ya Kaskazini Mashariki, Flevoland ya Mashariki, Flevoland ya Kusini. Halafu Markerwaard, hiyo aliichora kwa vidoto, akisema, "Hii bado wanaikausha, tutaona." Kisha anageuka na kutuuliza, na sisi hapa kinamasi cha Yala tumekifanyia nini? Mwanamke huyu amefundisha utalii wa Uswisi, ng'ombe wa Denmark, samaki wa Japani na chuma cha Ruhr mpaka akastaafu, na mpaka aliowahi kuuvuka ni Namanga peke yake, tena kwenda matanga.

Sasa nitakueleza kinachoninyima usingizi. Ndugu zangu wamepata wakala fulani mjini mwenye safari ya basi: Amsterdam, Brussels, Paris, Geneva, yote ndani ya wiki moja. Wanasema ikiwa nauli ya ndege ni ile ile, heri aone nchi nyingi. Nimeisoma ratiba hiyo mstari kwa mstari. Kila alfajiri kufunga mizigo. Nusu ya mchana ndani ya basi. Saa moja ya kupiga picha, kisha twende. Uholanzi yenyewe wameipa asubuhi ya mashua kwenye mifereji ya Amsterdam na kiwanda cha jibini, basi. Tuta halimo. Polda hazimo. Mama ana magoti mabovu na ana hamu ya miaka mingi ya kuona kitu kimoja, halafu tumpitishe nchi nne bila kukiona? Nimekataa, na kwenye kikao cha familia nitakataa tena.

Mimi naona hivi. Kama siku ni chache, mtu achague kipande kidogo cha dunia akipe siku zote. Alale kitanda kimoja, atoke asubuhi na mkoba mwepesi, arudi jioni ale chakula cha moto. Uholanzi inaruhusu hivyo kuliko nchi nyingi, kwa sababu ni ndogo na treni zake zinafika karibu kila mji. Na Utrecht iko katikati ya nchi. (Umeshaona ninakoelekea, usicheke.)

Ndege ya usiku kutoka hapa inakwenda Amsterdam moja kwa moja, kama saa nane na nusu angani. Na somo linaanza pale pale inapotua. Uwanja wa Schiphol uko mahali palipokuwa ziwa, Haarlemmermeer, lililokaushwa kwa pampu za mvuke na kuisha mwaka 1852. Magurudumu yakigusa ardhi, Mama atakuwa zaidi ya mita tatu chini ya usawa wa bahari, yeye ambaye ameishi maisha yake yote kwenye vilima vya Machakos. Natamani kuuona uso wake dakika hiyo kuliko ninavyotamani kuona mnara wowote wa Paris.

Siku ya pili apumzike, atembee polepole kando ya mifereji ya kwenu, ile yenye njia ya chini karibu na maji ambako watu hukaa kunywa kahawa. Mnara wa kanisa, Dom, hatutaupanda, ngazi zake ni zaidi ya 460. Atautazama kutoka chini.

Siku ya tatu Enkhuizen. Nimeambiwa ni mji mzuri wa bandari, nyumba za matofali za zamani, milingoti ya mashua hadi karibu na stesheni, na kuna makumbusho ambako walihamishia nyumba za vijiji vya wavuvi vilivyozunguka bahari ile. Hapo ndipo Mama ataelewa upande ambao kitabu chetu kiliupitia haraka: tuta lilipofungwa, maji ya chumvi yakawa ziwa la maji baridi, IJsselmeer, na wavuvi wa heringi wakapoteza bahari yao. Maji yanayolijaza yanatoka mto IJssel, ambao ni tawi la Rhine. Kumbuka alivyotukaririsha Rhine!

Na kutoka Enkhuizen kuna tuta jingine, la kuelekea Lelystad, zaidi ya kilomita 25, barabara juu yake na maji pande zote mbili. Nekesa, upande wa kusini wa tuta hilo ndipo Markerwaard ilipokusudiwa kuwa. Haikukaushwa kamwe. Ni ziwa mpaka leo, Markermeer. Vile vidoto vyake ubaoni ni maji matupu. Nataka asimame hapo. Sijui atasema nini, na sitaki kumwambia mapema, kwa hiyo ukizungumza naye kwa simu tafadhali nyamaza.

Halafu Tuta Kuu lenyewe, Afsluitdijk. Kilomita 32, lilifungwa tarehe 28 Mei 1932, na pale pengo la mwisho lilipozibwa kuna mnara wa ukumbusho. Mama husema mafuriko ya 1916 ndiyo yaliyowatia Waholanzi hofu, sheria ikapita 1918, na mhandisi Lely alikuwa na mchoro tayari tangu karne ya kumi na tisa. Alikufa 1929 kabla ya kuona kazi imekwisha; mji wa Lelystad ulipewa jina lake. Mama hukariri habari hii kwa heshima anayowawekea watu wa Biblia. Kuna upande wa Bahari ya Wadden na upande wa ziwa, na anataka kugusa maji ya pande zote mbili aonje yapi yana chumvi. Nimemwambia kuonja tutaona.

Ninarudi kwa hao ndugu zangu, maana bado moyo unanichemka. Musyoka anasema kwenda Ulaya kuangalia ukuta wa udongo na mawe ni kupoteza pesa. Lakini mandhari si milima peke yake. Mashamba yaliyonyooka mpaka macho yanachoka, safu za miti ya mipopla, mbingu kubwa, kondoo juu ya tuta, na kujua kwamba samaki walikuwa wakiogelea hapo juu ya kichwa chako. Kwenye polda walipanda matete kwanza, wakimwaga mbegu zake kwa eropleni, ili yanyonye maji na kuupa udongo hewa, ndipo wakaja na mimea mingine. Hata mimi ambaye si mwalimu, ngozi inanisisimka.

Wakitaka kitu cha kupendeza picha, tutakwenda Marken, kilichokuwa kisiwa mpaka 1957 walipokiunganisha kwa tuta, nyumba zake za mbao za kijani. Na asubuhi moja nataka tuamke mapema twende mnada wa maua wa Aalsmeer, wageni huruhusiwa kutazama kutoka juu. Shangazi Mutheu alikata waridi Naivasha mpaka mgongo ukamshinda, na hakuwahi kujua masanduku yale yalikuwa yakifika wapi. Mama ameahidi kumpigia simu akiwa pale pale.

Tunafikiria mwisho wa Mei. Umati wa maua ya tulipu utakuwa umepungua, na jua huko linazama karibu saa nne za usiku. Mama ameshalifanyia hesabu hilo kwa latitudo 52, karatasi iko juu ya friji. Zaidi ya wiki moja hakai. Ng'ombe wake hamwachii mtu yeyote, na kwa hilo habishani na mtu.

Viza inatisha kidogo. Ada ni yuro 90, bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi, na kupata siku ya kupeleka fomu ni vita, nafasi zinaisha mtu akitazama. Hapo ndipo ninapokuomba. Kuna ile fomu ya mwenyeji, ya udhamini na malazi, ambayo unatia sahihi na manispaa yenu inathibitisha. Ukikubali kutupokea sisi wawili, nitaihitaji. Chakula na nauli zetu ni juu yetu, hilo lisikusumbue hata kidogo. Na kuhusu zile pesa za Kadzo... hapana, hiyo tutaongea kwa simu.

Sasa niambie. Ngazi za nyumba yako ni kali kama watu wanavyosema, au Mama anaweza kulala chini? Ile kazi ya kukarabati Tuta Kuu imeisha, na watu wanaruhusiwa kutembea hadi kwenye mnara? Basi la Alkmaar kwenda Leeuwarden linasimama pale, au tutafute gari? Kuna basi juu ya tuta la Enkhuizen siku za wiki? Upepo wa Mei ni wa sweta au wa koti zito? Unaweza kupata likizo hata siku moja uje nasi kule Markermeer? Mama hajasema, lakini najua anataka mwanafunzi wake awepo. Na unga wa ugali, unao, au nibebe?

Nijibu kabla ya Ijumaa, maana kikao ni Ijumaa jioni kwa Musyoka na nataka kuingia na jibu lako mkononi. Wasalimie watoto.

Dada yako,
Mwende