Barua kwa vijana wa bodaboda wa Msamvu: siku ya ajali utaonyesha nini?

Wanangu wa kijiwe cha Msamvu,

Shikamoo zenu za kila asubuhi nazipokea, na chai mnayonilipia siku nyingine pale kwa mama lishe sijaisahau. Leo nina neno, na ni refu kidogo, ndiyo maana nimeliandika. Nimeendesha malori kwa miaka 32 kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Nimeshuka Kitonga usiku wa mvua na saruji mgongoni. Nimezika wenzangu wa kazi, na wapo niliowatoa kwenye vyuma kwa mikono yangu. Sizungumzi kwa kusimuliwa.

Kilichonisukuma ni lile la mwezi uliopita. Wote mnalijua, na kijana mwenyewe simtaji, kwa kuwa machungu aliyonayo yanamtosha. Alimbeba mama mmoja kutoka stendi kwenda Kihonda. Njiani akaovateki bajaji mahali penye mstari mweupe usiokatika, akakutana na gari ndogo uso kwa uso, akakwepa, wakaingia mtaroni. Yeye alitoka na michubuko. Mama wa watu alivunjika paja.

Jioni ile ndugu wa mgonjwa walikuja nyumbani kwao kijana, nami nikaitwa kama mtu mzima wa mtaa. Swali lao la kwanza lilikuwa, "Pikipiki ina bima?" Kijana akajibu kwa kujiamini kwamba ipo, tajiri, yaani mwenye pikipiki, ameikata mwezi wa tatu. Nikachukua simu, nikaingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, wa kuhakiki bima. Kweli ilikuwepo, tena hai. Lakini chini yake palikuwa na mstari mmoja mfupi: matumizi binafsi. Nikamwambia anipe leseni. Akatoa leseni safi kabisa, daraja D. Wanangu, daraja D ni la gari. Pikipiki haimo.

Sikumwambia kitu pale mbele ya wageni. Ila moyoni nilijua kwamba yule mama hana wa kumlipa isipokuwa familia ile ile iliyokuwa imekaa kwenye mkeka. Mama yake kijana ameshauza nusu eka yake ya Mkuyuni.

Sasa nisikilizeni. Nyinyi sheria za barabarani mnazijua kwa ajili ya trafiki. Mnajua amesimama wapi, anaondoka saa ngapi, na ukipita njia ya uani humkuti. Ukimkwepa asubuhi mpaka jioni unajiona umeshinda. Lakini trafiki anakuuliza leo na kesho yameisha. Anayeuliza kwelikweli ni siku ya ajali, na siku hiyo hakuna njia ya uani.

Nianze na bima, maana hapo ndipo mnapolala usingizi mzito. Chombo chochote cha moto kinachoingia barabarani ni lazima kiwe na bima, angalau ile mnayoiita bima ndogo. Sheria yake ni Sura ya 169. Bima ndogo inamlipa mtu wa tatu, yaani yule uliyemgonga au mali yake uliyoiharibu. Wewe dereva haikulipi, na pikipiki yako haiitengenezi. Hiyo ni kazi ya bima kubwa. Abiria uliyembeba kwa nauli anahitaji bima iliyokatwa kwa biashara ya kubeba abiria. Tajiri akikata ya matumizi binafsi kwa sababu ni ya bei nafuu, ameokoa hela yake, na aliyebaki uchi ni wewe na abiria wako. Tazameni na rangi ya kibao cha namba. Pikipiki ya biashara ina kibao cheupe, ya mtu binafsi ina kibao cha njano. Ukikabidhiwa pikipiki ya njano ukaambiwa "katafute hesabu", hapo hapo muulize tajiri maswali. Kuhakiki bima ni dakika moja kwenye simu, na simu mnazo, mnashinda nazo.

Leseni nayo. Pikipiki ni daraja A na madaraja yake madogo. Aliyepata B au D kwa kuota siku moja kununua Vitz bado hajaruhusiwa kumpandisha mtu kwenye pikipiki. Najua wengi mlifundishwa na rafiki kwenye uwanja wa mpira kwa wiki moja, mkaona inatosha. Nendeni chuo cha udereva, mkafanyiwe majaribio na polisi, kisha TRA wakutolee leseni ya daraja lako. Inadumu miaka 5. Gawanya gharama yake kwa siku za miaka 5 uone inakuja shilingi ngapi kwa siku, halafu ulinganishe na unachotumia kwa vocha.

Hapa kuna jambo la mikataba ambalo huwa linaniumiza. Kijana anapewa pikipiki kwa makubaliano kwamba alete hesabu, yaani kiasi cha fedha walichopatana, kila siku, mwaka au zaidi, mpaka iwe yake. Analeta kwenye jua na mvua, anamaliza, wanapeana mikono. Kadi ya pikipiki inabaki na jina la tajiri. Miezi sita baadaye tajiri amefariki, au amegombana na mkewe, au ana deni, na watu wanakuja kuichukua ile pikipiki kama mali yake. Kijana ana nini cha kuonyesha? Daftari la hesabu lililolowa mafuta. Wanangu, mkataba uandikwe kabla ya siku ya kwanza, uwe na mashahidi, useme idadi ya siku, nani analipa bima, nani anatengeneza ikiharibika, na kwamba siku ya mwisho mtakwenda pamoja TRA kubadilisha jina la mmiliki. Kila unapopeleka hesabu, tajiri asaini. Ukipeleka kwa simu, usiufute ujumbe. Tajiri mwema hakasiriki akiombwa saini. Anayekasirika, mshukuru amekuonyesha mapema, umrudishie ufunguo.

Barabarani penyewe, mengi mnayajua. Kibao cha 50 kinaanza makazi ya watu na kinakushika mpaka uone kibao kinachokifuta, tochi ya trafiki ya kupima mwendo iwepo isiwepo. Ukiwa kwenye 50 unakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukiwa kwenye 80 unazidi mita 22, na hiyo ni kabla mkono wako haujagusa breki. Mtoto wa shule anayechomoka kati ya magenge ya matunda hakupi hata hiyo sekunde. Kwenye zebra mtu akishakanyaga, simama kabisa, usimpitie mgongoni eti pana nafasi. Kwenye kipilefti mwenye njia ni yule anayetokea kulia kwako. Mstari usiokatika hauovateki, hata kama mbele kuna bajaji inayotambaa. Na mchezo wa kutanua foleni ikisimama, kupita upande wa wenzako au juu ya njia ya waenda kwa miguu, ni kosa hata kama wote mnafanya.

Mshikaki uacheni. Pikipiki ni dereva na abiria mmoja. Najua hali ilivyo saa moja asubuhi: mama ana watoto wawili wa shule na hela ya safari moja tu, na ukimkataa mwenzako atawachukua. Lakini breki ile imetengenezwa kwa watu wawili, na helmeti za kanuni ni mbili, yako na ya abiria. Hao wengine kichwani wana nini? Na helmeti isiyofungwa mkanda wa kidevu inaruka kabla wewe hujafika chini. Nimeiona inazunguka barabarani peke yake na mwenyewe amelala mita kumi nyuma. Abiria wa kike wanaikataa kwa sababu ya nywele au harufu, na wana haki. Nunua zile kofia za plastiki za saluni, ni bei ya karanga, mpe avae ndani. Helmeti yenyewe ifueni kitambaa chake kila wiki.

Pombe sitaizungusha. Kwa madereva wengine sheria imeweka kipimo cha miligramu 80 kwenye mililita 100 za damu. Anayeendesha abiria kwa nauli hana kipimo: ni sifuri. Ile moja ya baridi saa kumi jioni kabla ya zamu ya usiku nayo imo.

Tena mjue haki zenu, maana sheria si upande mmoja. Trafiki akikuandikia kosa, faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na unabaki na kumbukumbu yake. Hela ya mkononi isiyo na namba wala risiti haijafuta kosa lolote. Na kama unaamini kabisa hukukosea, faini ile ni ya anayekubali kosa. Usiyekubali unayo haki ya kusema twende mahakamani. Sema kwa adabu, umezima pikipiki, umevua helmeti. Kelele na kumzunguka askari kumi kwa mmoja ndiko kunakoharibu hata haki uliyokuwa nayo.

Ajali ikitokea, simama. Anayekimbia anaongeza kosa juu ya kosa, na hata kama gari ndilo lililokuwa na makosa, mzigo anajitwisha yeye. Msaidie majeruhi, toa jina lako, toa taarifa polisi bila kuchelewa. Majeruhi apate PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, maana madai ya bima yatakuja kuiulizia. Ukiona watu wamekasirika na mawe yameshikwa, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajisalimishe, usiende kujificha kwa shemeji.

Na ajali ya mwenzako si soko. Hili sisi wa Msamvu hatuhitaji kufundishwa na mtu. Jumamosi ile ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipoanguka hapo mtaa wa Itigi, waliokimbilia na madumu kuchota mafuta walikuwa wengi, na bodaboda walikuwa miongoni mwao. Mafuta yakalipuka moto, na waliokufa walizidi 100. Tuliwazika makaburi ya Kola. Baadhi yenu mmerithi nafasi zao hapo kijiweni. Lori likianguka, geuza pikipiki, zuia wenzako wasisogee, piga simu.

Mwenyekiti wa kijiwe, naomba Jumamosi hii saa kumi jioni, baada ya basi za Dodoma kupungua, uwakusanye chini ya mwarobaini. Kila mtu aje na leseni yake, kadi ya pikipiki na mkataba kama anao. Asiye na mkataba aje na tajiri wake, au anipe namba yake nimpigie mimi mwenyewe. Nitakuja na miwani na karatasi za kuandikia. Tutaanza na bima, namba moja baada ya nyingine, mpaka pikipiki ya mwisho.

Mzee wenu, dereva mstaafu,
Kihonda, Morogoro