Gundi ya stika iliyogoma: kabla hujashika stilwaya

Mama mmoja wa Tabata alitutumia picha mbili kwenye WhatsApp. Ya kwanza ilikuwa ya mlango wa friji: stika ya dukani imebanduka nusu, nusu nyingine imebaki na doa jeusi la kunata, ukubwa wa kiganja. Ya pili aliipiga kesho yake. Doa limeisha, lakini mahali pake pamepauka, pana mikwaruzo myembamba kama nywele, na mng'ao wa rangi umetoweka. Chini aliandika: "Kaka, gundi imetoka. Sasa hii alama naitoaje?"

Hiyo alama haitoki. Ilibidi tumwambie ukweli, na ilituuma, kwa sababu gundi yenyewe ingetoka kwa mafuta ya kupikia aliyokuwa nayo jikoni. Katika kazi zetu za usafi wa nyumba hapa Dar es Salaam, uharibifu mwingi tunaokutana nao hausababishwi na gundi. Husababishwa na stilwaya ya kusugulia masufuria, kisu, thina na haraka.

Kwanza ujue unapambana na nini. Gundi ya stika na ya solotepu haikauki kama rangi ya ukutani. Imetengenezwa ibaki laini siku zote, ndiyo maana inashika kwa kugandamizwa na kidole tu, bila maji wala moto. Ule weusi unaouchukia si gundi. Ni vumbi, moshi wa jikoni na mafuta ya mikono vilivyonasa juu yake. Ukisugua kwa dodoki kavu unalisambaza tu lile tope, doa la sarafu linakuwa la sahani.

Gundi zenyewe hazifanani. Zipo zenye asili ya mpira, ambazo joto, mwanga na hewa huzichosha: kwanza hulegea na kuvutika kama asali, halafu hugeuka njano, mwisho huwa ngumu na kukatika vipande kama gome. Zipo za akriliki, ambazo hazigeuki njano kirahisi, ila kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyozidi kung'ang'ania. Zipo pia zinazoyeyuka kwa maji, kama za karatasi kwenye chupa nyingi. Hizo loweka kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo, basi.

Kwa friji, kabati la chuma, vyombo vya plastiki ngumu na tailizi zenye kung'aa, tunaanza na mafuta. Mafuta yoyote ya kula yanafaa, ya nazi pia. Chukua tishu, ilowane vizuri, ibandike juu ya doa, kisha ifunike kwa kipande cha nailoni ili isiteleze wala kukauka. Acha nusu saa. Kama gundi ni ya miaka mingi, acha saa mbili, au bandika usiku uamke nayo. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa: wanapaka, wanasugua papo hapo, wanasema mafuta hayafanyi kazi. Mafuta yanahitaji muda wa kupenya chini ya gundi na kuivimbisha.

Ukifunua, usichukue kisu. Chukua kadi ya benki iliyoisha muda wake, ilaze karibu kabisa na mlango, sukuma taratibu. Gundi iliyoiva itajikunja mbele ya kadi kama ugali unaokauka vidoleni, vijiti vidogo vyeusi. Isipojikunja, haijaiva, rudisha tishu. Mwisho osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mara mbili, kwa sababu mafuta yakibaki yanakusanya vumbi na baada ya wiki utadhani gundi imerudi.

Spiriti nayo ni nzuri kwa utando mwembamba unaobaki mwishoni, hasa kwenye kioo na chuma. Ila usiipeleke kila mahali. Plastiki ya ndani ya friji kwa kawaida ni ya jamii ambayo thina na asetoni, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha, huitafuna: inapoteza mng'ao, inakuwa na nyufa ndogo ndogo, wakati mwingine inalainika hadi kidole kinaacha alama. Ndani ya friji tumia mafuta na sabuni tu.

Kuhusu petroli tunaomba kwa dhati: usiingize ndani. Tunajua mafundi wengi wanaitumia na kweli inatoa gundi. Lakini petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzi joto 40 chini ya sifuri, sembuse jikoni kwetu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauondoki juu dirishani; unatambaa sakafuni hadi ulipo moto wa jiko. Hata friji yenyewe inapojiwasha na kujizima inaweza kutoa cheche. Mtoto akiwa anacheza chini hapo, hatari ni kubwa kuliko doa lolote.

Mbao zinahitaji subira ya pekee. Mlango au meza yenye vanishi ukiipaka spiriti unaweza kuondoka na vanishi yenyewe, hasa samani za zamani. Sisi tunapasha gundi joto kwa draya ya nywele, kwa mbali, huku tukijaribu kwa kiganja: kama mkono hauvumilii, mbao nayo haivumilii. Gundi ikilegea tunaikusanya kwa kadi kufuata nyuzi za mbao, kisha tunamalizia na mafuta kidogo. Mbao ghafi isiyo na vanishi usiipake mafuta. Inayanywa na kubaki na baka.

Terazo na jiwe halisi la marumaru vina sharti lao: usiweke ndimu wala siki, hata kama umeona mtu akipendekeza mtandaoni. Tindikali hiyo hula chokaa iliyomo kwenye jiwe na kuacha doa lililofifia ambalo dawa yake ni kupiga polishi upya. Mafuta nayo yanazama ndani ya terazo isiyokuwa na polishi. Hapo tunatumia joto, kadi, na spiriti kidogo kwenye kitambaa.

Ukuta wa rangi ya maji ndio unaotusumbua kuliko vyote, na hatumdanganyi mteja. Mabango na zile taa za mkanda zinazobandikwa kwa solotepu ya pande mbili mara nyingi hutoka na rangi. Joto la draya na kuvuta polepole, karibu na ukuta, hupunguza hasara. Kama solotepu ni ile nene ya sponji, pitisha mshipi wa kuvulia nyuma yake, uvute huku na huku kama msumeno hadi ikatike. Hata hivyo tunakwambia mapema uwe na rangi kidogo ya kuziba.

Tinti ya madirisha tunaitoa kwa joto na maji ya sabuni, na kioo tunakikwangua kikiwa kimelowa, kwa wembe mpya ulioinamishwa, kwenda mbele tu. Wembe ukirudishwa nyuma unaburuza chembe za mchanga na kukichora kioo. Kwanza tunaangalia pembeni kama pana mhuri mdogo wa kioo kilichopashwa joto kali kiwandani na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu. Hicho hatukiwekei wembe kabisa.

Kuna jambo moja linaloleta ugomvi usio na sababu. Baada ya gundi kutoka, mara nyingine umbo la stika linabaki, jeupe kuliko sehemu nyingine. Pitisha ukucha juu yake. Kama haukwami, gundi imeisha. Unachoona ni rangi ya asili ya friji, ambayo stika iliikinga na jua na moshi wakati sehemu nyingine zikigeuka njano. Friji za mtumba zina alama hizi sana. Hatuwezi kuiondoa, na hatutakutoza kwa kujaribu.

Na kama solotepu imeshika cheti cha kuzaliwa au hati ya kiwanja, usituite sisi, wala usiguse kwa mafuta au draya. Karatasi inaharibika na wino unakimbia. Iache ilivyo, fanya nakala, kisha uulize mamlaka iliyoitoa.

Wapangaji wanaohama tunawaomba watutafute siku tatu kabla ya kukabidhi funguo. Ukituita asubuhi ya kukabidhi, na karatasi ya kunata imefunika kaunta nzima ya jikoni, utatulazimisha kukimbia, na kazi hii haikimbizwi.

Ukitaka tukupe bei, piga picha mchana karibu na dirisha, bila flashi, na weka sarafu ya shilingi 200 kando ya doa tuone ukubwa. Tuambie ni kitu gani kilibandikwa, kimekaa muda gani, na umeshapaka nini. Hilo la mwisho usilifiche, kwani dawa moja juu ya nyingine inaweza kuharibu, au kutoa hewa ya sumu kama ilivyo kwa dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo. Kama umeshamwaga thina, sema tu. Hatukulaumu, tunataka kujua tuanzie wapi.